Hesabu zangu za play-off zilivyotupeleka kupalilia pamba isiyo yetu

Wakuu, salaam kwenu wote, mlioko mjini na mlioko shambani.

Haya ninayoandika yametokea, na mimi nilikuwepo na jembe mkononi. Majina ya watu na ya timu nimebadilisha. Mahali nimepaacha palepale, maana pamba haifichiki.

Anayetafuta stori ya mapenzi apite tu, humu hakuna.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mtu wa kuja. Kwetu Lushoto. Bariadi nililetwa na ajira, huu mwaka wa sita. Nilipofika nilijifunza salamu kwanza, timu baadaye. Salamu nilizipata ndani ya wiki. Timu imenichukua miaka yote hii na bado inanipa presha.

Timu yangu ni Marobota. Wapinzani wetu, wa hapahapa mjini, ni Ngitili.

Ligi yetu ina timu nane. Mbili za juu zinaingia play-off ya kupanda daraja. Round ya kwanza ilipoisha, nafasi ya kwanza walikuwa jamaa wa Nyalikungu, wako mbali huko, hakuna wa kuwashika. Wa mwisho walikuwa vijana wa Kimali, wanafungwa na kila mtu lakini wanakuja wakiimba. Nafasi ya pili Ngitili. Ya tatu sisi, tumepitwa pointi mbili.

Kwa hiyo ligi nzima ikawa ni swali moja tu: kati ya Marobota na Ngitili, nani anaingia?

Hilo swali lilijadiliwa kwa Mama Minza. Huyu mama ana mgahawa jirani na uwanja na ndiye mwenyekiti wa mashabiki wetu. Hakuchaguliwa na mtu. Siku moja alisema yeye ni mwenyekiti, na wote tulikuwa tunakula kwake, basi.

Ligi ikiwa mapumzikoni, pale kwake ni bunge. Huyu anasema tutaingia kwa sababu Ngitili watachoka. Yule anasema hatuingii kwa sababu sisi tumeshachoka. Wa tatu anasema tumuachie Mungu, halafu anataja kikosi ambacho Mungu akipange.

Siku hiyo mimi nikaja na laptop.

Nilikuwa nimetengeneza Excel. Mechi zote za round ya kwanza, magoli, nyumbani, ugenini, kadi, kila kitu. Nikaifungua mezani, nikasogeza sahani ya chapati, nikawaambia: Marobota kuingia play-off ni asilimia thelathini na moja.

Wote wakageukia kwa Mama Minza.

Mama Minza akaja na kitambaa cha kufutia meza begani, akaiangalia ile screen muda mrefu kama anayeisoma.

Akaniuliza, "Mwalimu, humo ndani umeziweka heka za Masanja?"

Nikamwambia hapana.

"Basi hujapiga hesabu. Umechora."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini iliniuma.

Kwa msiojua: Masanja ndiye straika wetu. Nusu ya magoli yetu ni yake. Lakini Masanja ni mtoto wa mkulima, kwao ni Kasoli, na mapumziko ya ligi yetu huangukia palepale kwenye palizi ya pamba. Mvua imenyesha, magugu yamepanda, na wachezaji wengi ni vibarua wa baba zao.

Baba yake, Mzee Jilala, alikuwa ameshasema neno lake. Nililisikia mwenyewe, maana mimi ndiye nilitumwa kwenda kumbembeleza wiki moja kabla. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Mwalimu, mpira siukatai. Zimebaki heka tatu hazijapaliliwa. Zikiwa safi kabla ya mechi ya Ngitili, atacheza. Zisipokuwa safi, asiniombe tena mpaka tuvune."

Mpaka tuvune maana yake round ya pili yote imekwenda. Nilirudi kwenye Excel nikamtoa Masanja. Ikasoma asilimia nne.

Nikaenda kumwonyesha Mama Minza hiyo nne. Hakuiangalia hata.

"Tunakwenda kupalilia," akasema.

Huku Usukumani hilo si jambo geni. Kuna luganda, watu wanakusanyika na majembe wanalima kwa mtu mmoja siku moja, kwa nyimbo, na mwenye shamba anawapikia. Ila luganda ya mashabiki wa mpira kwenda kuokoa straika, hiyo nadhani tuliianzisha sisi.

Tukakubaliana Jumamosi, wiki moja na siku moja kabla ya mechi ya Ngitili, ya kwanza baada ya mapumziko. Tukakubaliana pia Masanja na baba yake wasiambiwe. Mzee ana kiburi chake, akijua mapema angeweza kukataa. Tuingie tu shambani tuanze, mtu aliyekwisha kuinamisha mgongo hafukuzwi.

Tukapata Fuso la kubebea pamba. Tulikuwa watu thelathini na nane. Mafundi baiskeli, wauza mitumba, walimu wawili, shemeji yake Mama Minza na ngoma yake. Karibu wote ni watu wa mjini. Anayejua nyumbani kwao Masanja alikuwa mmoja tu.

Mimi.

Sasa wakuu, naomba mnielewe hapa kabla hamjaanza kunitukana.

Kasoli si mji wenye mitaa. Nyumba zimetawanyika, katikati ni pamba, na pamba changa ya huyu na ya yule zinafanana kama sare za shule. Mimi ile siku nilipokwenda kwa Mzee Jilala alama niliyoishika ni maksai. Mlangoni walifungwa maksai wawili, mmoja mweupe, mwingine mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika. Nikasema hao siwezi kuwasahau.

Na kweli sikuwasahau. Tulipofika nikawaona walewale, mweupe na wa pembe moja, wamefungwa kwenye mti nje ya nyumba. Nikagonga bodi la Fuso.

"Hapa hapa. Shusheni majembe."

Kitu ambacho sikujua ni kwamba ng'ombe wanaazimwa.

Mzee Jilala alikuwa amewaazimisha maksai wake kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwake, akokotee mkokoteni wa kuni. Mtu yeyote aliyezaliwa huku angeuliza kwanza. Huku ng'ombe anaonyesha alikolala jana, haonyeshi mwenye mali. Mimi wa Lushoto nilimchukulia kama namba ya nyumba.

Tukashuka, tukaingia shambani. Shemeji akapiga ngoma, akina mama wakaanza wimbo, majembe yakashuka pamoja. Palikuwa na magugu ya kufika magotini. Mtu mmoja akasema, "Huyu Masanja na baba yake wanalala nini?" Tukamtetea. Tukasema kijana anafunga magoli, hana muda.

Baadaye Masanja aliniambia kwamba siku hiyo alikuwa kwao, ng'ambo ya kilima kidogo, anapalilia na baba yake. Alizisikia nyimbo zetu. Akamwambia baba yake, jirani huyu ana bahati.

Mwenye nyumba alitoka saa tatu hivi. Mzee mwembamba, fimbo mkononi. Nikamwona kwa mbali, nikadhani ni baba mkubwa wa Masanja. Alisimama ukingoni mwa shamba akatutazama. Nikaenda kumsalimia.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola."

Akataka kusema kitu, midomo ikacheza, akageuka akarudi ndani. Nikasema mzee ana aibu. Dakika kumi baadaye tukasikia mbuzi analia, halafu hatukumsikia tena.

Saa nane tulikuwa tumemaliza. Heka tatu, safi, mistari inaonekana. Mikono inawaka moto lakini roho nyeupe. Tukaitwa uani. Ugali, nyama ya mbuzi, togwa baridi. Mzee hanywi pombe, ni mtu wa kanisa.

Tulikuwa tumeshanawa, wengine wameshakata tonge, mzee akasema tuombe.

Akaomba kwa Kiswahili kwa ajili yetu watu wa mjini. Aliomba polepole. Akashukuru kwa mvua, akashukuru kwa wageni. Kisha akasema:

"Na umbariki mwanangu Limbu aliyewatuma watu hawa. Watu walisema mjini kumemmeza, amenisahau. Nami nilianza kuamini. Leo nimeona."

Wakuu, Limbu ni golikipa wa Ngitili.

Ni kinyozi mjini, saluni yake iko jirani na stendi. Round ya kwanza alitudakia penati mbili. Mama Minza alishawahi kumwombea avunjike kidole, kidogo tu, kisichouma sana.

Watu thelathini na nane na matonge hewani.  Mimi niliangalia kule nje, maksai wa pembe moja anacheua.

Mama Minza akasema, "Amina."

Sote tukasema amina, tukala.

Mtaniuliza kwa nini hatukusema ukweli. Mkuu, ungekuwa wewe ungemwambia? Mzee alikuwa anazunguka na bakuli mwenyewe anatuongezea mchuzi, machozi yanamtoka, anayafuta kwa mkono uleule wa bakuli. Mimi nilishindwa. Sijawahi kula nyama ngumu kumeza kama ile, na ilikuwa imeiva vizuri.

Fuso likakaribia mjini. Ndipo Mama Minza akasimama, akashika bomba.

"Leo hatukupalilia. Leo tulikuwa msibani Maswa. Atakayesema vinginevyo asije kula kwangu."

Wote wakaafiki. Sehemu ilikuwa ni huruma kwa mzee. Sehemu kubwa zaidi, tuseme ukweli, ilikuwa ni aibu. Ngitili wakijua tumempalilia kipa wao, tungetaniwa mpaka wajukuu.

Heka za Masanja zikabaki karibu vilevile, na siku zinakwenda.

Jumapili jioni nikagongewa mlango. Nafungua, Limbu. Ana jembe jipya, bado lina karatasi ya dukani.

Sikumkaribisha, aliingia.

"Mwalimu, baba kanipigia simu," akasema. "Ananishukuru. Analia. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia baba analia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asante kushukuru, baba." Akainamisha kichwa. "Palizi mbili sijakanyaga nyumbani. Nilikuwa najiambia wiki ijayo, wiki ijayo. Halafu nawaza, nani kanipalilia? Nikauliza sura za watu. Mwalimu mwembamba na mama mnene mwenye sauti. Nikajua."

Nikaomba msamaha. Sijui nilikuwa naomba msamaha wa nini.

Akasema, "Mlikuwa mnakwenda kwa Mzee Jilala, eti?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nipeleke. Deni la jembe linalipwa kwa jembe."

Nikamkumbusha kwamba heka hizo zikiisha, Masanja anacheza, na golini atakuwepo yeye. Akasema anajua, si mjinga.

Jumatatu mpaka Ijumaa Limbu alifunga saluni. Anatoka alfajiri, anapalilia na Masanja na baba yake mpaka jioni. Mimi siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe, zilizobaki nilikuwa nakwenda nikitoka kazini, Mama Minza alikuja siku mbili akimwachia binti yake mgahawa. Mzee Jilala siku ya kwanza alimwona kipa wa Ngitili yuko kwenye mstari wake wa pamba. Alimwangalia, akawaangalia maksai wake waliokuwa wamesharudishwa, akaniangalia mimi. Nadhani alielewa yote palepale.

"Mtu akija na jembe sina swali naye," akasema, akainama kuendelea.

Ijumaa jioni heka zilikuwa safi. Mzee akamwambia mwanawe nenda kacheze. Masanja aliruka kama mtoto. Mimi pia niliruka kidogo, nikakumbuka niko mbele za watu.

Ila nilimwona Limbu anashika mpini kwa vidole tu. Nikamwambia afungue viganja. Hakutaka. Nikavifungua mwenyewe. Kinyozi wa miaka yote, mikono ya mashine na poda. Malengelenge yalikuwa yameshapasuka, chini ni nyama nyekundu.

Nikamwambia Jumapili asidake. Akasema kipa wa akiba ameenda Kimali kwenye palizi.

Jumapili uwanja ulijaa. Limbu alivaa glavu mapema, kabla hata ya kupasha. Kipindi cha kwanza alipangua kwa ngumi kila kitu, Ngitili wakamshangilia kwa hiyo style mpya. Mimi peke yangu nilijua kwa nini hadaki.

Kipindi cha pili, dakika za mwisho mwisho, Masanja akapiga shuti. Si kali wakuu, lilikuwa la kawaida, la kumrudishia kipa. Limbu akalidaka. Nikaona uso wake unakunjamana. Mpira ukatoka mikononi taratibu, ukadondoka mbele ya Masanja.

Masanja akafunga. Ilibidi afunge, ndiyo kazi yake.

Moja bila. Tukapanda nafasi ya pili. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua. Nilishangilia, sitawadanganya. Halafu nikamwangalia Limbu amekaa chini, ameficha viganja makwapani, na furaha ikanitoka yote.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Jumatatu habari ikazagaa kwamba kipa wa Ngitili alionekana Kasoli wiki nzima nyumbani kwa straika wa Marobota. Saluni imefungwa siku tano kabla ya mechi. Shuti la mtoto limemtoka. Kauza mechi, imeisha hiyo. Wakamfukuza timu. Wakaacha kunyoa kwake, na watu wa stendi karibu wote ni Ngitili.

Nilimfuata. Nikamwambia nitasimama mbele ya viongozi wao nieleze kila kitu, heka, maksai, mbuzi, yote.

Akasema, "Ukieleza, baba atasikia kwamba sikutuma mtu."

"Lakini wewe umepalilia, Limbu. Tena mpaka damu."

"Nimepalilia kwa Jilala. Kwa baba bado sijapalilia."

 Kwa viongozi wao sikwenda.

Wiki iliyopita akanitumia meseji: baba yake anakuja mjini kuona kazi yake, anamletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Hakuomba chochote, alinijulisha tu. Nikamwambia Mama Minza. Mama Minza akapiga simu.

Mzee alipofika alikuta saluni imejaa. Foleni mpaka nje. Mimi nimekaa kwenye kiti nanyolewa, wenzangu kumi na kitu wanasubiri kwenye benchi, wanamsifia Limbu kwa sauti ya juu. Mzee akatutambua, akatushika mikono mmoja mmoja akishukuru, "Wabeja, wabeja sana." Akakaa na furushi lake la michembe mapajani akimtazama mwanawe anavyofanya kazi. Sijawahi kumwona mtu ametulia hivyo.

Ng'ambo ya barabara walisimama mashabiki wa Ngitili. Wanahesabu. Marobota watupu, wamejaa kwa Limbu, wanacheka naye. Sasa wamepata ushahidi kamili.

Limbu aliwaona kwenye kioo. Alikuwa ananisafisha shingo. Akainama sikioni kwangu, akasema polepole baba yake asisikie:

"Mwalimu, nashukuru. Ila naomba msije tena."

Zimebaki mechi tatu. Tuko nafasi ya pili. Kwa Mama Minza wanabishana kila siku kama tutaingia, na mimi nikiulizwa nasema sijui. Excel nimeifuta.

Nilichojifunza ni kidogo. Kabla hujamsaidia mtu, hakikisha umesimama kwenye shamba lake. Na ukishakosea, kosa lako atalibeba mwingine, mara nyingi yule mwenye moyo kuliko wewe.

Nimeandika huku kwa sababu mzee hana smartphone. Mnaweza kunisema mnavyotaka, ushauri pia naupokea: ungekuwa wewe, ungesema au ungenyamaza?

Na kama uko Bariadi, na wewe si Marobota wala si Ngitili, saluni iko jirani na stendi, utaijua kwa kuwa haina watu. Nenda kanyoe. Usiseme nani kakutuma.